Umevua magwanda ya Marekani na unataka kadi ya bangi? Anzia hapa

Waswahili waliowahi kuvaa magwanda ya jeshi la Marekani si wachache. Wapo walioingia nchini kwa bahati nasibu ya viza wakajiandikisha jeshini mwaka uleule. Wapo watoto wa wakimbizi wa Kongo waliokulia kambini Nyarugusu, Kigoma, wakamalizia shule Kentucky au Texas. Na wapo waliopitia MAVNI, mpango ulioidhinishwa mwaka 2008 kuchukua wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa 2016. Leo wengi wamerudi uraiani. Wanaendesha malori, wanafanya kazi za uuguzi, wanalea. Na baadhi yao mgongo hauwaachi, au usiku hawapati usingizi, na wamesikia kwa wenzao kwamba jimbo linatoa kadi ya bangi ya matibabu kwa watu wa namna yao.

Ni kweli linatoa, na kwa mtu aliyetumikia jeshi na kutibiwa VA, idara ya serikali kuu inayowahudumia wanajeshi wa zamani, kuipata si kazi kubwa. Shida ni kwamba kadi inatolewa na jimbo, ilhali uraia wako, leseni yako ya lori, ajira ya shirikisho na bunduki yako viko mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza, kapu moja na heroini. California ikafungua njia ya matibabu kwa kura ya wananchi mwaka 1996, na sasa majimbo zaidi ya 35 yana mipango yao. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu, lakini pendekezo hilo halikuigeuza kadi ya jimbo kuwa ruhusa ya serikali kuu. Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu yoyote, jikague wewe mwenyewe kwanza.

Kama bado si raia, usiombe

Hili nalisema bila kupindapinda. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kumiliki au kutumia bangi, na hata kuajiriwa katika biashara ya bangi, kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake linaruhusu. Mwenye grinikadi anayeomba kadi ya bangi anaandika jina lake, picha yake na tarehe kwenye ushahidi ambao hakuna aliyemwomba. Hata kukiri mdomoni mbele ya afisa wa mpakani, bila kesi wala hukumu, kunaweza kukuletea matata ukirudi kutoka likizo nyumbani.

Wengi hudhani kuwa utumishi jeshini unafunika haya yote. Haufuniki. Wapo wenye grinikadi waliopigana Afghanistan na bado wakarudishwa makwao baada ya hukumu za dawa za kulevya. Kama ulishaanza kutumia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza ombi la uraia, na siku ya usaili usidanganye, maana uongo chini ya kiapo ni kosa linalojitegemea. Kwa bahati nzuri, utumishi wa heshima wakati wa vita humpa mwanajeshi njia ya mkato ya kupata uraia. Pitia njia hiyo kwanza. Kadi ya bangi haikimbii.

Wenye leseni ya CDL, yaani ya lori, nao wanisikilize. Dereva wa lori anapimwa kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na daktari anayepitia majibu ya mkojo haruhusiwi kukubali kadi ya jimbo kuwa sababu halali. Jina likishaingia kwenye kanzidata ya madereva iliyoanza kazi Januari 2020, kila kampuni utakayoomba kazi italiona. Msijidanganye pia na mafuta ya CBD ya kituo cha petroli yaliyoandikwa kuwa hayana THC, kemikali ya bangi inayolevya. Wizara hiyo ilishaonya mwaka 2020 kwamba CBD si utetezi, na maandishi ya kwenye chupa si kipimo cha maabara. THC inakaa mwilini muda mrefu. Anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo wiki kadhaa baada ya kuacha.

Walio kwenye ajira ya serikali kuu, wakiwemo wauguzi na wahudumu wa hospitali za VA zenyewe, wako chini ya amri ya mwaka 1986 inayotaka mtumishi asiguse dawa zilizokatazwa, akiwa kazini au nyumbani. Uliyebaki Reserve au National Guard bado una sheria ya kijeshi juu yako, na kadi hiyo si yako mpaka utoke kabisa. Mwenye nyumba ya ruzuku ya Section 8 asome mkataba wake, kwa kuwa fedha ile inatoka serikali kuu. Halafu kuna bunduki. Fomu 4473 unayojaza dukani inauliza kama wewe ni mtumiaji wa bangi, na kwa miaka mingi imekuwa na onyo kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi jibu. Ukidanganya pale, ni jinai. Najua kwa mtu aliyelala na silaha ubavuni miaka minne hili linauma kuliko mengine yote, lakini ni afadhali ulijue ukiwa sebuleni kwako kuliko kuambiwa na polisi.

Makaratasi yanayohitajika

Ukijikagua na kuona uko salama, kusanya karatasi kabla ya kumtafuta daktari. Ya kwanza ni DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi. Hakikisha una nakala inayoitwa Member-4, kwa sababu nakala fupi ya Member-1 haionyeshi aina ya kuachishwa kwako, na hicho ndicho maofisa wanachokitafuta wanapokupa punguzo la ada. Kama imepotea, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule St. Louis huwapa wanajeshi wa zamani nakala bure. Anayetaka umlipe ili akuletee, mwache na biashara yake.

Ya pili ni kumbukumbu za matibabu. Ingia kwenye akaunti yako ya VA upakue taarifa zako, au peleka fomu 10-5345a katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali. Usimpelekee daktari kurasa mia tatu. Anachohitaji ni ukurasa wenye jina la ugonjwa, tarehe ya kugunduliwa na jina la aliyegundua, pamoja na orodha ya dawa ulizowahi kupewa. Hapa kuna kosa ambalo watu hulirudia. Wanapeleka barua ya muhtasari wa mafao, ile inayosema mtu ana ulemavu wa asilimia 70, wakidhani imemaliza. Barua ile hutaja asilimia, haitaji ugonjwa. Unayoitaka ni barua ya uamuzi wa madai, yenye kila tatizo lililokubaliwa na asilimia yake.

Ya tatu ni uthibitisho kwamba unaishi katika jimbo unaloomba. Watu wetu huhama sana kufuata kazi na ndugu, na mara nyingi mtu anaishi Minnesota huku leseni yake bado ni ya Texas. Badilisha leseni kwanza.

Je, kama uliachishwa kwa sifa mbaya? Majimbo mengi hayajali hilo yanapotoa kadi. Yanajali ugonjwa. Sifa hiyo inakuumiza kwenye punguzo la ada na kwenye huduma za VA. Tangu mwaka 2014, kwa maelekezo ya waziri wa ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, bodi za jeshi zinatakiwa kuwaangalia kwa upole wanaoomba kubadilishiwa sifa hiyo ambao mwenendo wao uliharibika kwa sababu ya PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya mtu kuona au kupitia mambo mazito. Unaomba kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu uachishwe. Mashirika ya wanajeshi wa zamani kama DAV na American Legion yana watu wa kukusaidia kuijaza bila malipo.

Usiwaambie kuwa u salama

Ugonjwa unaowapitisha wanajeshi wengi ni mmoja kati ya hii miwili: maumivu sugu, au PTSD. New Mexico lilikuwa jimbo la kwanza kuiweka PTSD kwenye orodha, mwaka 2009, na mengi yakafuata. Saratani, kifafa, glakoma, VVU na ugonjwa wa neva wa MS navyo vimo karibu kila mahali. Kwa maumivu, picha ya uti wa mgongo na historia ya dawa zinatosha. Kwa kiwewe, kinachokubeba ni mdomo wako, na hapo ndipo Waswahili hujiangusha.

Tumelelewa kujibu salama hata mambo yakiwa mabaya. Daktari anauliza hali, mtu anajibu nzuri, kisha anaongeza kwa sauti ya chini kwamba usingizi tu ndio unasumbua kidogo. Daktari anaandika usingizi kidogo, na faili linafungwa hivyo. VA hutumia dodoso liitwalo PCL-5 lenye maswali 20, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4, likihusu mwezi uliopita. Mtu anayejizungushia 1 kila mahali kwa haya au kwa ujasiri anajinyima matibabu, achilia mbali kadi.

Eleza kinachotokea, usitoe hukumu juu yake. Badala ya kusema silali vizuri, sema: naamka saa tisa usiku, fulana imelowa, nazunguka kukagua milango na madirisha, siwezi kurudi kitandani mpaka nimemaliza. Mke wangu analala na watoto tangu Januari kwa sababu nilimpiga kiwiko usingizini. Fataki za tarehe 4 Julai nilizikimbilia bafuni. Siendi tena harusi za ukumbini kwa sababu siwezi kukaa mgongo ukiwa mlangoni. Sema ilianza lini, na kama ni baada ya tukio fulani, litaje, hata kwa sentensi moja. Yaandike hayo nyumbani kwa lugha unayoiota, kisha umpe mtu unayemwamini ayaweke kwa Kiingereza. Mkalimani wa simu ni haki yako ukimhitaji.

Usitie chumvi pia. Daktari aliyesikia mamia ya hadithi anaijua ya kukariri.

Kama huna utambuzi rasmi wa ugonjwa na VA unaiogopa, nenda kwenye Vet Center. Ni vituo vidogo vya ushauri vilivyo nje ya hospitali, huduma ni bure kwa waliokwenda vitani, na mafaili yake yanatunzwa mbali na yale ya hospitali, hayatoki bila idhini yako. Kwa mtu anayeogopa kuonekana na jirani wa kanisani au msikitini akiingia kliniki ya akili, huo ndio mlango ninaoupendekeza.

Nani anatia sahihi

Daktari wako wa VA hawezi. Hilo halina mjadala: haruhusiwi kupendekeza bangi wala kujaza fomu ya jimbo, duka la dawa la VA halitoi, na VA hailipii. Lakini mwongozo wa VA namba 1315 unasema pia kwamba mwanajeshi wa zamani hanyimwi mafao wala matibabu kwa sababu yumo katika mpango wa jimbo. Kwa hiyo mwambie. Ataliandika kwenye faili lako, na anaweza kulazimika kubadili dozi ya dawa zako nyingine. Kama unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au prazosini ya ndoto mbaya inayoshusha presha, au dawa ya usingizi, kuficha kunaweza kukuangusha bafuni. Usiende tu na mzigo wako hospitalini. Uwanja wa VA ni ardhi ya serikali kuu hadi kwenye maegesho ya magari.

Anayetia sahihi ni daktari wa nje aliyesajiliwa na mpango wa jimbo. Orodha yao iko kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo, na hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye tangazo lililokufuata simuni. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya: je, ada ya kumwona inarudishwa nikikosa sifa? Je, bei hiyo inajumuisha ada ya jimbo au hiyo ni nyingine? Je, nitamlipa tena mwakani? Mahali pengi malipo ni mara mbili, kwa daktari na kwa jimbo, na bima hailipi hata senti. Hakuna kadi ya taifa zima. Anayekuuzia kadi inayokubalika majimbo yote anakuuzia plastiki.

Kila jimbo lina tabia yake. Oklahoma, tangu kura ya mwaka 2018, haina orodha ya magonjwa kabisa. Ada ya kawaida ni dola 100, na aliyepewa na VA ulemavu wa asilimia 100 hulipa 20. Pennsylvania inataka ugonjwa ulio kwenye orodha, PTSD ikiwemo, na kadi ni dola 50. Illinois imewawekea wanaotibiwa VA njia nzuri: wanaweza kuleta kumbukumbu za VA badala ya cheti cha daktari, na ada hupunguzwa. Texas, wanakoishi Wakenya na Wakongo wengi, haitoi kadi. Daktari anaingiza jina lako kwenye rejista ya jimbo, nawe unaenda kuchukua dawa kwa kitambulisho. PTSD iliingizwa 2021 na maumivu sugu 2025. Georgia imejifunga kwenye mafuta yenye THC kidogo. Kansas haina mpango wowote, na kuvuka kwenda Missouri kununua ni kosa unaporudi, hata ukiwa na kadi ya kweli.

Katika majimbo ambayo mtu mzima yeyote hununua dukani, kama Washington, Maryland na Minnesota, jiulize kama kadi ina faida. Mara nyingi faida yake ni kodi. Jimbo la Washington, kwa mfano, tangu Juni 2024 linamsamehe mgonjwa aliyesajiliwa ushuru wa asilimia 37 kwa bidhaa za matibabu. Kwa anayetumia kila siku, hiyo ni fedha ya maana. Anayetumia mara moja moja sioni kwa nini aweke jina lake kwenye rejista ya serikali kwa ajili ya dola chache.

Je, inatibu?

Inategemea unachotibu, na hapa nina msimamo. Kwa maumivu sugu ya watu wazima, ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi ya mwaka 2017 ilikuta ushahidi mzuri. Kwa PTSD hali ni nyingine. Jaribio lililochapishwa 2021 liliwavutisha bangi wanajeshi wa zamani 76, wengine wakipewa isiyo na nguvu bila kujua. Makundi yote yalipata nafuu kiasi, na tofauti kati yake haikuonekana. Mwongozo wa tiba wa VA na Wizara ya Ulinzi wa 2023 unashauri bangi isitumike kwa PTSD. Unapendekeza tiba za mazungumzo, kama ile ya kulirudia tukio hatua kwa hatua mpaka lipungue makali. Wapo wanajeshi wanaoapa kwamba bila bangi wangekuwa wamekufa, nami siwabishii. Ila kadi isikutoe kwenye kiti cha mshauri. Na ukifika mahali unafikiria kujiua, piga 988 kisha bonyeza 1, usiku au mchana.

Ukishaipata, mwambie muuzaji kwamba hujawahi kutumia, au kwamba umekaa miaka bila kutumia. Kwa kidonge au peremende anzia miligramu 2.5 za THC. Tatizo la vitu vya kula ni kwamba vinachelewa, nusu saa hadi saa mbili, mtu anaona havifanyi kazi anaongeza, kisha vyote vinamfikia pamoja, moyo ukaenda mbio, na kwa mwenye kiwewe hofu hiyo ni usiku mzima. THC nyingi humzidishia mtu wasiwasi. Kama kwenu kuna historia ya kuchanganyikiwa akili, achana nayo. Fungia kwenye sanduku lenye kufuli, maana zile peremende watoto hawazitofautishi na zao. Usiendeshe.

Suala la familia nimelichelewesha makusudi. Kwa mama aliyeko Mombasa au Bukavu, mvuta bangi ni mhuni wa kijiweni, basi. Hulazimiki kumweleza kila mtu dawa zako. Mke au mume unayeishi naye ni lazima ajue, na ajue dozi.

Kisha safari. Kadi inaishia kwenye mpaka wa jimbo lako, isipokuwa kwa majimbo machache yanayowapokea wageni wenye kadi, na hata hapo unanunua huko huko, huvuki na mzigo. Nyumbani Afrika Mashariki haina maana yoyote: Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994, Tanzania ina ya 2015, na mbwa wa uwanja wa ndege hasomi barua ya daktari wa Pennsylvania. Wiki chache kabla ya kuondoka, mwombe daktari wa VA dawa nyingine ya usingizi au maumivu kwa muda wa likizo, ukae nayo kwenye chupa yake yenye jina lako pamoja na barua yake, na uanze kuitumia ukiwa bado Marekani ili ujue inakufanyaje. Mifuko ya jaketi na begi la mazoezi vipekue mara mbili. Vapu na peremende husahaulika humo.